BEATRIX POTTER: Alikataliwa na wachapishaji, akajichapishia kitabu cha sungura

MNAMO Desemba 16, 1901, kiwanda kimoja cha uchapishaji jijini London kilikamilisha kazi ndogo ambayo haikutangazwa popote. Zilikuwa nakala 250 za kitabu cha watoto, chembamba na kidogo kiasi cha kuenea katika viganja vya mtoto wa miaka mitano. Aliyegharimia kazi hiyo hakuwa kampuni wala mfadhili, bali mwanamke wa umri wa miaka 35 ambaye hakuwa ameolewa, na ambaye bado aliishi chini ya paa la wazazi wake. Huyo ndiye Helen Beatrix Potter.

Kitabu chenyewe, The Tale of Peter Rabbit, kinasimulia vituko vya sungura mdogo anayepuuza onyo la mamake na kujipenyeza katika bustani ya mkulima mkali. Msomaji aliyelelewa kwa hekaya zetu za Sungura na Fisi atamtambua Peter mara moja, ila Peter hana ule ujanja wa kuwashinda wakubwa kwa maneno. Yeye hula mboga za watu hadi akaumwa na tumbo, akafukuzwa, akapoteza koti na viatu vyake, na kunusurika kwa tundu la sindano.

Nakala za hadithi hiyo zilizokwisha kuuzwa kote duniani zinahesabiwa kwa makumi ya mamilioni, na imetafsiriwa kwa lugha nyingi. Lakini kabla ya hayo, mswada wake ulikuwa umebisha hodi kwa wachapishaji wasiopungua sita, na wote wakaurudisha.

Safari ya Potter inastahili kusimuliwa kwa sababu moja kuu. Alijua ni jambo lipi katika kitabu chake ambalo hangelegeza kamba, na ni lipi ambalo angekubali kushauriwa. Waandishi wengi hushindwa papo hapo: ama hukataa kila rai, ama hukubali kila kitu hadi kazi ikawa si yao tena.

Utoto wa upweke

Potter alizaliwa Julai 28, 1866 katika eneo la Kensington, London. Babake, Rupert, alikuwa amesomea uwakili, na mamake, Helen, alitoka katika familia iliyotajirika kwa biashara ya pamba kaskazini mwa Uingereza. Nyumba yao ilikuwa na watumishi na kila starehe ya wakati huo. Kilichokosekana ni watoto wa rika lake wa kucheza nao.

Nduguye mdogo, Bertram, aliyezaliwa mwaka wa 1872, alipelekwa shule ya bweni alipofika umri. Beatrix hakupelekwa shule yoyote. Kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa matajiri, alifunzwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa na wazazi wake. Mmoja wao, Annie Carter, alimzidi kwa miaka michache tu, na wakawa marafiki wa kudumu. Urafiki huo ndio uliokuja kuzaa kitabu.

Chumba cha masomo kiligeuka kuwa makao ya wanyama. Beatrix na Bertram walifuga sungura, panya, popo, vyura, mijusi na kalunguyeye. Msichana huyo aliwachora usiku na mchana, wakiwa wamelala, wakila, au wakijikuna. Wakati wa likizo, familia ilihamia mashambani kwa miezi kadhaa, kwanza huko Scotland, na kuanzia mwaka wa 1882 katika eneo la maziwa na milima lililoko kaskazini magharibi mwa Uingereza. Huko ndiko alikofahamiana na kasisi Hardwicke Rawnsley, ambaye mnamo 1895 alikuwa miongoni mwa waasisi wa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kihistoria.

Kwa miaka mingi aliweka shajara kwa maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe. Siri hiyo haikufumbuliwa hadi mwaka wa 1958, miaka 15 baada ya kifo chake, pale mtafiti Leslie Linder alipofaulu kuisoma.

Potter hakutaka kuishi kwa kupewa. Mnamo 1890, aliuza michoro yake ya sungura kwa kampuni moja iliyotengeneza kadi za salamu, akalipwa pauni sita. Fauka ya hayo, alijitosa katika utafiti wa uyoga, akauchora kwa ustadi mkubwa na kuchunguza jinsi mbegu zake zinavyoota. Makala yake kuhusu suala hilo iliwasilishwa mbele ya Linnean Society ya London mnamo Aprili 1897. Yeye mwenyewe hakuwapo, kwa maana wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria mikutano ya wanazuoni hao. Makala ilisomwa na mwanamume kwa niaba yake.

Barua kwa mtoto mgonjwa

Wakati huo, mwalimu wake wa zamani alikuwa amekwisha kuolewa na kuitwa Annie Moore, na alikuwa na watoto kadhaa. Potter aliwapenda kama wanawe. Alipokuwa safarini, alizoea kuwaandikia barua zilizojaa michoro.

Mnamo Septemba 4, 1893, akiwa Scotland, alisikia kwamba kifungua mimba wa Annie, Noel, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alikuwa mgonjwa kitandani. Kwa kuwa hakuwa na habari mpya ya kumpasha, alimtungia kisa cha sungura wanne, mmoja wao akiwa Peter. Jina hilo lilikuwa la sungura aliyemfuga mwenyewe.

Barua hiyo haikukusudiwa kuwa kitabu. Ilikuwa na msomaji mmoja tu, na mwandishi alimjua kwa jina, kwa umri na kwa hali. Huenda hii ndiyo siri ya ufasaha wake: sentensi ni fupi, hakuna mahubiri marefu, na kila tendo lina mchoro wake.

Miaka saba ilipita. Mnamo 1900, Annie Moore alimshauri rafikiye kuzigeuza barua hizo kuwa vitabu. Potter alimwandikia Noel kumwuliza iwapo bado alikuwa na ile barua ya sungura. Kwa bahati njema, kijana huyo alikuwa ameihifadhi. Potter aliiazima, akainakili, akairefusha na kuongeza michoro.

Milango yafungwa

Alipoupeleka mswada kwa wachapishaji, ulirudishwa mara moja baada ya nyingine. Enzi hizo, soko la vitabu vya watoto nchini Uingereza lilipendelea vitabu vikubwa, vya kupendeza machoni na vya bei ghali, ambavyo wazazi wenye uwezo walivinunua kama zawadi. Kitabu kidogo chenye michoro isiyo na rangi hakikuonekana kuwa na faida.

Potter naye alikuwa na msimamo wake. Alitaka kitabu ambacho mtoto angeweza kukishika mwenyewe bila kukiangusha. Alitaka kila ukurasa wa maneno utazamane na ukurasa wa mchoro, ili jicho la mtoto lisichoke. Zaidi ya yote, alitaka bei isizidi shilingi moja ya Uingereza. Mchapishaji mmoja alipopendekeza kitabu kikubwa zaidi, Potter alishikilia kwamba ni heri kutoa vitabu viwili au vitatu vya shilingi moja kuliko kimoja cha shilingi sita ambacho watoto hawangekimudu.

Hapo ndipo mazungumzo yalipokatikia. Badala ya kuuweka mswada sandukuni, alichukua akiba yake na kwenda kwa wachapaji wa Strangeways. Michoro ilichapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama, isipokuwa mmoja tu wa rangi uliowekwa mwanzoni mwa kitabu.

Nakala nyingine aliwapa jamaa na marafiki, na nyingine akaziuza kwa shilingi moja na peni mbili. Habari zilienea kwa mdomo. Miongoni mwa walionunua alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa visa vya mpelelezi Sherlock Holmes, aliyewanunulia wanawe. Nakala zikaisha upesi kuliko ilivyotarajiwa, hivyo kufikia Februari 1902 Potter alikuwa ameagiza nyingine 200.

Kwa hesabu za biashara, nakala 450 si kitu. Lakini zilikuwa ushahidi kwamba watoto walikitaka kitabu kile katika umbo lile lile ambalo wakuu wa kampuni walikuwa wamelikataa.

Wachapishaji wabadili nia

Wakati Potter akishughulika na toleo lake, kasisi Rawnsley hakuketi kitako. Aliichukua hadithi, akaigeuza kuwa mashairi, na kuipeleka pamoja na michoro kwa kampuni ya Frederick Warne, ambayo ilikuwa miongoni mwa zilizomkataa Potter hapo awali. Kampuni haikuvutiwa na mashairi ya kasisi, bali ilivutiwa na michoro, na ikapendelea masimulizi ya kawaida ya Potter mwenyewe.

Warne iliweka masharti: michoro yote iwe ya rangi, na idadi yake ipunguzwe. Hapo Potter alilegeza kamba. Awali hakutaka rangi kwa sababu ya gharama, na kwa kuwa aliona wanyama wake wangekuwa wa kahawia na kijani tu. Alipohakikishiwa kwamba mbinu mpya ya kuchapisha kwa rangi tatu ingewezesha bei kubaki chini, alikubali kuichora upya michoro yake kwa rangi za maji. Kuhusu ukubwa wa kitabu na bei, alichokitaka ndicho alichokipata: toleo la kawaida liliuzwa kwa shilingi moja.

Aliusoma mkataba kwa makini, akauliza maswali kuhusu hakimiliki, na kutaka kujua nani angemiliki vibao vya kuchapishia iwapo kampuni ingeacha kukitoa kitabu. Aidha, aliwatahadharisha wachapishaji kwamba babake angeweza kutaka kujiingiza katika shughuli hiyo, lakini uamuzi wa mwisho ulikuwa wake yeye. Kwa binti ambaye hadi umri huo alihitaji ridhaa ya wazazi hata kwa ziara fupi, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Toleo la Warne lilitoka Oktoba 1902. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimekwisha kuagizwa zote kabla hata ya siku ya kutolewa. Kufikia mwisho wa mwaka huo, nakala 28,000 zilikuwa zimechapishwa. Baada ya mwaka mmoja, idadi ilikuwa imepita 50,000.

Hata hivyo, hakuna msafara usio na mwiba. Warne ilikosa kukisajili kitabu hicho nchini Marekani ili kilindwe na sheria za hakimiliki za huko. Mnamo 1904, mchapishaji wa mji wa Philadelphia alitoa toleo lake bila idhini. Nakala za aina hiyo ziliendelea kuuzwa Marekani bila ya mwandishi kupata chochote. Potter hakulisahau kosa hilo katika maisha yake yote.

Kukinadi kitabu

Somo la Marekani lilimfanya awe macho zaidi. Alikuwa ametambua kwamba mhusika anayependwa na watoto hutoka nje ya kurasa za kitabu, na kwamba mwandishi asipomlinda, wengine watamvuna.

Mnamo 1903, Potter alimshona mwanasesere wa Peter kwa mikono yake mwenyewe, akimjaribisha hadi umbo likamridhisha. Mnamo Desemba mwaka huo, alimsajili katika ofisi ya hataza ya Uingereza. Baadaye alibuni mchezo wa mezani ambamo mkulima humkimbiza Peter, akachora ruwaza za karatasi za kupamba kuta za vyumba vya watoto, na kuwakagua kwa ukali watengenezaji waliotaka kutumia wahusika wake. Utaratibu huu wa kuuza bidhaa zenye sura za wahusika wa vitabu ni jambo la kawaida siku hizi. Wakati huo, ni wachache mno waliokuwa wameujaribu.

Hakusahau chimbuko la kazi yake. Aliendelea kuwaandikia watoto. Wengine aliwatumia vibarua vidogo mno, vilivyokunjwa na kutiwa stempu za kuchora, kana kwamba vimeandikwa na wanyama wa hadithini mwake. Kwa watoto hao, kitabu hakikuisha walipofika ukurasa wa mwisho.

Wala hakuacha kabisa njia ya kujichapishia. Mnamo Desemba 1902, miezi miwili tu baada ya ufanisi wa Peter, alijitolea nakala 500 za The Tailor of Gloucester, kisa cha mshonaji maskini anayesaidiwa na panya. Alihofia kwamba kampuni ingetaka kukikata kitabu hicho kupita kiasi. Warne ilikitoa mwaka uliofuata, na kweli ilikipunguza, lakini tayari Potter alikuwa na toleo lililomridhisha moyo.

Msiba na shamba

Aliyeshughulikia vitabu vyake katika kampuni hiyo alikuwa Norman Warne, mdogo kati ya ndugu watatu walioiendesha. Barua za kikazi kati yao zilizaa mapenzi. Mnamo Julai 1905, Norman alimposa. Wazazi wa Potter walipinga vikali, wakidai kwamba mfanyabiashara hakuwa wa hadhi yao, ingawa utajiri wao wenyewe ulitokana na viwanda. Potter, aliyekuwa akikaribia miaka 39, aliikubali posa hiyo.

Furaha yao haikudumu. Norman aliugua ghafla, na mnamo Agosti 25, 1905 akaaga dunia kwa saratani ya damu, mwezi mmoja baada ya uchumba.

Potter alijifariji kwa kazi. Mwaka huo huo, kwa kutumia mapato ya vitabu vyake na urithi mdogo kutoka kwa shangazi, alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, kwenye eneo lile la maziwa. Sungura aliyekataliwa na wachapishaji ndiye aliyemwezesha kumiliki nyumba isiyokuwa ya wazazi wake. Mandhari ya Hill Top yalijitokeza katika vitabu vingi alivyoandika baadaye. Kwa jumla, alitoa hadithi 23 katika mfululizo huo wa vitabu vidogo.

Alipokuwa akinunua ardhi zaidi, alisaidiwa na wakili wa huko, William Heelis. Walifunga ndoa Oktoba 1913, Potter akiwa na umri wa miaka 47. Kuanzia hapo, majirani walimjua kama Bi Heelis, mfugaji.

Mnamo 1917, kampuni ya Warne ilikumbwa na kashfa. Harold, nduguye Norman, alikamatwa na kufungwa kwa kughushi hati za fedha, na kampuni ikawa ukingoni mwa kufilisika. Potter mwenyewe alikuwa akiidai mrabaha uliocheleweshwa. Angeweza kuihama, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake, alikusanya michoro ya zamani na kutoa kitabu kipya, Appley Dapply's Nursery Rhymes, ili kuinusuru. Kampuni ilipona.

Urithi

Katika miaka yake ya mwisho, macho yalipodhoofika, aliandika kwa nadra. Nguvu zake zote alizielekeza kwenye ufugaji wa kondoo wa Herdwick, aina ya asili ya milima hiyo iliyokuwa hatarini kutoweka, na kununua mashamba ili yasigawanywe na kujengwa ovyo. Alishinda tuzo nyingi katika maonyesho ya kilimo.

Beatrix Potter alifariki Desemba 22, 1943, akiwa na umri wa miaka 77. Katika wasia wake, aliliachia shirika la National Trust zaidi ya ekari 4,000 za ardhi, pamoja na mashamba kumi na kitu yaliyokuwa na nyumba na mifugo. Ardhi hiyo ingali inahifadhiwa, na Hill Top hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia.

Waandishi wetu wengi chipukizi wanaujua uchungu wa mswada kurudishwa. Humu nchini, soko la vitabu vya watoto limeegemea mno mahitaji ya shule, na hadithi ya kujisomea tu, isiyo na maswali ya ufahamu mwishoni, hupata taabu kumshawishi mchapishaji. Wapo wanaoamua kujichapishia. Baadhi yao hugundua kwamba kuchapisha ndiyo sehemu nyepesi, na kwamba kazi ngumu ni kumfikia msomaji.

Potter alimfikia kwa kuwa alianza naye. Kabla ya kampuni, kabla ya mkataba na kabla ya mwanasesere, palikuwa na mtoto mmoja mgonjwa aliyeipenda barua yake kiasi cha kuitunza kwa miaka saba. Wachapishaji waliomkataa walikuwa wakiuangalia mswada kwa jicho la bei na rafu za maduka. Yeye alikuwa tayari amepata jibu la Noel.